Mkono Unaocheza Ni Mzima

Shamimu alikuwa amechuchumaa ndani ya bafu la viroba, mgongo kauegemeza kwenye nguzo, akikunja vidole vya mkono wa kulia kwa kutumia mkono wa kushoto. Hakuwa anaoga. Ndoo ya maji ilikuwa pembeni, imejaa pomoni, na mara kwa mara alichota kikombe akamwaga chini ili mama yake, aliyekuwa akikoka moto uani, asikie maji yakianguka.

Alianza na kidole cha kati. Akakisukuma taratibu mpaka ncha ikakaribia kiganja, akakishikilia hapo, kisha akakiachia kijinyooshe chenyewe mpaka kikagusa kibao cha plastiki alichofungiwa hospitali, kilichopindwa juu ya mgongo wa mkono. Halafu cha pete. Kovu lilikatiza kiganja kutoka upande mmoja hadi wa pili, chini kidogo ya vidole, limevimba na kung'aa, na kila alipokisukuma kidole lilivuta kama nguo iliyoshonwa ikabana. Akauma meno. Akamwaga kikombe kingine.

"We Shamimu!" mama yake aliita. "Unaoga au unajikuna ukurutu?"

"Namaliza, mama."

"Maji ya kununua hayo. Na mkono usiulowanishe. Wala usiuchezeshe!"

Usiuchezeshe. Hilo neno lilikuwa limemwandama tangu aliporudi kutoka hospitali. Kila aliyekuja kumpa pole pale kambini alikalia kigoda, akatikisa kichwa, akasema usiuchezeshe. Bi Joha, mama yake, ndiye aliyezidi. Usiku wa kwanza alichana kipande cha kanga akataka kuvifunga vidole vya mwanawe kwenye mpini wa mwiko, visije vikatikisika usingizini. "Mbuzi akivunjika mguu tunamfunga kijiti," alisema, "hatumpeleki ngomani." Shamimu alikubali kufungwa, na mama alipoanza kukoroma akafungua fundo kwa meno. Angemwambia nini? Mama wa watu alikuwa akifanya kwa mapenzi.

Mambo yalikuwa hivi. Shamimu alikuwa mwanikaji katika shamba la mkonge la Bonde Jipya, kati ya Kilosa na Kimamba. Majani ya mkonge yakishapita kwenye korona, ile mashine ya kuparua, hutoka nyuzi mbichi, nzito, zinazochuruzika utomvu unaowasha. Wanawake huzipokea, hurushiana vitita mmoja kwa mwenzake, na wa mwisho huvitandaza juu ya nyaya uwanjani vikauke. Nyaya zenyewe ni kuukuu, zimekula kutu, na zikikatika huungwa kwa fundo na kuendelea. Siku hiyo waya ulikatika ukiwa na mzigo wa nyuzi mbichi juu yake, na Shamimu ameushika. Ulipita kiganjani kama kisu kinavyopita kwenye papai. Vidole viwili vikalala, havikunji. Gari la shamba halikuwa na mafuta, ndugu wakachanga, akapelekwa Mikumi kwenye hospitali ya misheni, na huko daktari akaunga mishipa iliyokatika ndani.

Baada ya daktari alikuja msichana mmoja wa mazoezi, anaitwa Loveth, mdogo hata wa kumzaa, lakini maneno yake yalikuwa na uzito.

"Mama, nisikilize vizuri," Loveth alisema. "Hiyo kano iliyoungwa inapita ndani ya njia nyembamba. Ukiutuliza mkono, kovu litaota, litaigandisha kano kwenye hiyo njia, na vidole havitakunja tena. Kwa hiyo usogeze kama nilivyokuonyesha, kila siku, mara nyingi. Lakini usishike kitu. Hata kikombe. Ukishika, uzi utakatika ndani. Nirudishie, nimesemaje?"

"Usogee, usishike."

"Hapo sawa."

Shamimu hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Nyuzi mbichi ukiziacha kwenye lundo na utomvu wake mpaka kesho, utakuta zimeshikana kuwa kitu kimoja kama gome, na hakuna brashi itakayozichambua. Ndiyo maana mwanikaji hukung'uta upesi, kabla jua halijafanya kazi yake. Mkono wake ulikuwa lundo bichi, na jua lilishapanda.

Shida ni kwamba hayo aliyaelewa yeye peke yake. Kwa mama yake, kwa majirani, na kwa shamba, mkono una hali mbili tu. Unaumwa, umetulia. Au unacheza, umepona, nenda kazini.

Na leo ilikuwa siku ya ukaguzi.

*

Wagonjwa walijipanga mbele ya ofisi ya shamba, wamesimama juani, maana benchi lilikuwa la wageni. Hii ilikuwa mara ya kwanza ya Shamimu. Mgonjwa akishakubaliwa hupata nusu mshahara na hubaki na chumba chake kambini. Akikataliwa na asionekane uwanjani, huandikwa mtoro, na mtoro hana chumba. Shamimu na mama yake hawakuwa na kwingine. Babu yake aliletwa na reli kuja kukata mkonge, akazikwa hapohapo, na shamba la kulima hawakuwahi kuachiwa.

Aliyesimama mbele yake alikuwa Bonifas, mkataji, mtu mrefu, mwembamba, mcheshi wa kijiwe kizima. Panga lilimteleza likamkata kiganja, akashonwa palepale zahanati ya shamba na kufungwa hogo, ile plasta nyeupe ngumu, kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha za vidole. Hogo lilikuwa limechakaa kwa uchafu, watoto wamelichora mpira na kuku.

"Shikamoo, kaka Boni."

"Marahaba, dada yangu. Mkono unasemaje?" Hakungoja jibu. Akainama, akanong'ona, "Sikia. Ana mchezo wake huyu jamaa. Anakurushia kitu ghafla, anasema 'daka!' Ukidaka, umepona. Sasa wewe akirusha, kuwa maiti. Umenielewa? Maiti kabisa."

"Anarusha nini?"

"Utaona."

Melkizedek, msimamizi wa wafanyakazi, alitoka ofisini na chungwa mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi likasimama, viatu vinang'aa kwenye vumbi lile kama vya bwana harusi. Alilirusha chungwa juu akalidaka, akalirusha akalidaka, akipita mbele ya mstari.

"Shikamoo, bosi," wagonjwa walimwamkia kwa pamoja.

"Marahaba. Leo wagonjwa wengi. Jana mshahara umetoka, leo homa imeingia. Bonifas! Daka!"

Chungwa likaruka. Bonifas hakupepesa hata jicho. Likagonga hogo, ko! likaanguka na kubingirika hadi miguuni kwa Melkizedek.

"Mnaona?" msimamizi alisema huku akiliokota na kulifuta. "Huyu ndiye mgonjwa. Mgonjwa mwenye adabu. Mkono umetulia, hana maneno mengi. Leo muda wako umetimia, utaenda zahanati kwa Cleopa akutoe hogo urudi kukata. Hongera sana." Akamgeukia Shamimu, uso bado unatabasamu, na bila kumaliza hata kupumua akasema, "Daka!"

Shamimu alikuwa amejiambia awe maiti. Lakini miaka yote ya uwanjani ni ya kudaka. Kitita kinarushwa, unadaka, ukikosa kinaanguka kwenye vumbi na unapigiwa kelele. Mikono ile ilikuwa imefundishwa kudaka kabla kichwa hakijajua. Mkono wa kushoto ulinyakua chungwa hewani, na wa kulia, ndani ya bendeji yake, ukaruka pamoja nao. Vidole vikajikunja vyenyewe. Alisikia moto umepita kiganjani, ukapanda hadi kwenye kiwiko.

"Mama yangu!" alilia, akaubana mkono kifuani.

"Umecheza!" Melkizedek alipiga kofi moja. "Mmeona wote. Vidole vimecheza. Mkono unaocheza ni mzima. Uwanjani, mama, nyuzi zinakusubiri."

"Bosi, subiri nikueleze." Aliendelea kuubana mkono kifuani. "Mkono wangu umeungwa mishipa. Hospitali wameniambia niusogeze ili kovu lisiushike, ila nisishike kitu. Nikishika, unakatika. Wa mazoezi yupo Mikumi, namba yake ninayo, mpigie tu umuulize."

"Simu yangu haipigi wasichana wa Mikumi."

"Basi pigia kwa simu yangu."

"Hebu subiri kwanza nielewe." Melkizedek aliwageukia wengine, maana kicheko bila watu hakina utamu. "Kusogea, unasogea. Kushika, haushiki. Sasa huo ni mkono au ni ahadi ya uchaguzi?"

Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa sababu ilichekesha, wengine kwa sababu zamu yao ya kurushiwa chungwa ilikuwa bado. Shamimu aliwatazama mmoja mmoja. Waliokuwa wanakaa naye kambini, waliokula pilau msibani kwake. Akahisi hasira inampanda taratibu, nzito, kama maji ya mto Mkondoa yanavyopanda mvua ikiwa imenyesha milimani na wewe huku chini bado kukavu.

"Sikutegi kazi," alisema. "Mimi sijawahi kutega."

"Wote mnasema hivyo." Akampokonya chungwa mkononi. "Nakupa njia mbili kwa sababu mimi ni mtu wa huruma. Kama mzima, uwanjani sasa hivi. Kama mgonjwa, nenda kwa Cleopa akufunge hogo kama mwenzako. Hogo nalielewa. Hogo halisemi uongo."

*

Zahanati ya shamba ilikuwa chumba kimoja chenye kitanda, meza, na harufu ya dawa ya kuoshea vidonda. Cleopa, mhudumu wake, kijana mnene mwenye koti jeupe lisilofunga vifungo, aliwakaribisha bila kuwatazama machoni.

Shamimu hakujali hogo kwanza. Aliketi kitandani, akafungua bendeji kwa kushoto na kwa meno. Loveth alikuwa amemwambia, kidole kikinyooka chenyewe na kubaki kimenyooka kama kijiti, ujue kano imekatika, usilale, njoo. Bendeji ya mwisho ikaanguka. Vidole vyote viwili vilikuwa vimepinda kidogo, kama vya mtu aliyelala usingizi. Havikunyooka. Akashusha pumzi ndefu mpaka machozi yakamtoka.

"Umepona?" Bonifas aliuliza.

"Kano haijakatika. Mungu tu."

Cleopa alitia maji kwenye karai. "Nipe mkono, dada."

"Cleopa, wewe ni mtu wa hospitali. Nikikaa ndani ya hogo muda wote huo, kutakuwaje?"

Cleopa alikoroga maji kwa kidole, kana kwamba kuna kitu cha kukoroga. Akatazama mlangoni. "Najua," alisema kwa sauti ya chini. "Walitufundisha semina moja Morogoro. Mishipa iliyoungwa haifungwi hogo mpaka kwenye vidole ikaachwa. Najua, dada yangu. Lakini nisipofunga ataniuliza kwa nini mgonjwa wangu anacheza. Wewe hogo litakulinda, na mimi litanilinda."

"Litanilinda na nini?"

Shamimu aliufikiria uwanja, zile nyuzi mbichi, kitita cha kwanza tu kitakavyomkata ndani. Akafikiria mama yake akitolewa nje na magodoro, na vyungu, na kile kigoda cha kukalia wageni. Uwanjani mkono utakatika leo. Kwenye hogo utakufa polepole, na labda, alijidanganya, labda usiku atapata namna ya kulilegeza. Akanyoosha mkono.

Cleopa aliweka kando kile kibao cha plastiki, akalowesha mikunjo ya bendeji yenye jasi, akaanza kuzungusha. Ilikuwa baridi, laini, tepetepe. Ikapita kiganjani, ikapanda vidoleni, ikavifunika mpaka kucha zikapotea.

"Kaa hivyo hivyo likauke," alisema. Akachukua makasi makubwa akamwendea Bonifas. "Haya, mzee wa kazi. Leo unakuwa huru."

"Nilikuwa naliota," Bonifas alisema akicheka. "Nitajikuna mpaka ngozi iombe msamaha."

Makasi yalikata kwa mlio wa kusaga mchanga. Hogo likapasuka pande mbili, likatoka na unga mweupe, na harufu ya kitu kilichofungiwa muda mrefu ikajaa chumbani. Mkono uliobaki haukuwa wa Bonifas. Ulikuwa mwembamba, ngozi imekauka ikabanduka magamba, na vidole vimekunjamana kuelekea kiganjani kama mguu wa kuku uliochemshwa. Kovu lilikuwa gumu, limezama, limevuta nyama yote ya kiganja kwake.

Bonifas aliutazama. Kicheko kikabaki mdomoni bila mwenyewe.

"Nyoosha," Cleopa alisema.

Shingo ya Bonifas ilikaza, mishipa ya paji la uso ikatoka. Vidole havikwenda popote. Si mbele, si nyuma.

"Kunja basi."

"Nakunja."

"Kunja, Boni."

"Nimekwambia nakunja! Ndiyo nakunja hivi!"

Cleopa alijifanya anatafuta kitu kwenye meza. "Utalainika. Maji ya moto na chumvi." Sauti yake haikuamini hata neno moja.

Mkononi mwa Shamimu jasi lilianza kupata joto. Ndivyo linavyofanya likishika, hupata joto kama uji unaopoa kinyumenyume. Lilikuwa linakaza. Alihisi vidole vyake mle ndani, hai, vinawasha, vinataka nafasi, na ukuta unavikaribia.

Melkizedek aliingia na chungwa lake. Hakuuliza chochote. Mtu akiwa na kipimo chake haulizi.

"Bonifas, daka."

Mkono ule ulinyanyuka wote mzima, kama ubao. Chungwa likagonga vifundo vya vidole, likaanguka sakafuni. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Tena," Bonifas alisema upesi. "Bosi, rusha tena, sikuwa tayari."

Likarushwa. Likaanguka.

Melkizedek alikuna kidevu. "Aisee. Sasa hapo panga utalishikaje?"

"Nitazoea. Kidogokidogo."

"Kukata mkonge si kidogokidogo, Bonifas. Mimi nahitaji mikono. Shamba halifugi vilema, ndugu yangu, ningependa lakini halifugi. Utapisha chumba mwisho wa mwezi."

"Si wewe uliyesema nisiuchezeshe?" Bonifas aliuliza. Aliuliza kwa upole, kama mtoto anayemuuliza mwalimu hesabu asiyoielewa. "Kila ukaguzi uliniambia, Bonifas tulia. Nikatulia. Asubuhi hii hii umenisifu mbele ya watu."

"Na nakusifu bado. Ulitulia vizuri sana. Lakini kutulia ni kutulia, na kazi ni kazi." Akamgeukia Shamimu, akaligonga hogo bichi kwa ukucha. "Huyu sasa amekuwa mgonjwa wa kueleweka. Nakuandika mgonjwa, mama. Unaona ilivyo rahisi?" Akatoka.

Shamimu alibaki amekaa. Akautazama ule mkono wa mguu wa kuku, akautazama mlango. Kwa hiyo ndivyo walivyopanga. Ukicheza, wewe mzima, nenda ukakatike. Ukitulia, wewe mgonjwa mzuri, ukimaliza kutulia wewe kilema, toka. Waya ni wao, ulioza kwao. Panga ni lao. Na mkono ukishaharibika wanaurudisha kwa mwenyewe, kama gunia tupu.

Joto ndani ya jasi lilizidi.

"Kaka Boni," alisema, "nitoe hili."

"Eeh?"

"Nitoe haraka, linashika. Mkono mmoja siwezi."

"Dada, acha wazimu," Cleopa alisema akiinuka. "Ataniua."

"Wewe ulijua," Shamimu alimwambia, na macho yake yalimkalisha kijana yule kitini. "Ulijua na wa Boni. Kaa hapo."

Bonifas alichuchumaa mbele yake. Akaulaza mkono wake uliokufa juu ya kiwiko cha Shamimu kama jiwe la kuzuia karatasi isipeperuke, na kwa mkono mzima akatafuta ncha ya bendeji, akaipata, akavuta. Tabaka la juu lilitoka kirahisi. La pili lilikuwa zito. La tatu lilianza kukatika vipandevipande, akaingiza kucha, akachimbua, jasho likimdondokea puani, na jasi likianguka sakafuni mabongemabonge ya uvuguvugu. Kidole cha pete kikatoka. Kikafuata cha kati.

Melkizedek alirudi mlangoni. Labda alisahau chungwa, labda alisikia kelele.

"Nyie! Mnafanya nini? Hiyo ni mali ya shamba!"

Shamimu alisimama. Alilizoa lile fundo la bendeji na jasi kwa mkono wa kushoto, likichuruzika, akaenda nalo mpaka alipokuwa msimamizi, akamwekea mikononi. Matone meupe yakaangukia viatu vyake.

"Mali yenu hiyo," alisema. "Mkono ni wangu."

"Nakufuta. Unanisikia? Nakuandika mtoro sasa hivi."

"Andika. Nyumbani kwangu ni ng'ambo ya uzio huu, sitoroki. Ukija kututoa utanikuta nimekaa mlangoni na mama yangu, na kambi nzima itakuona."

Alichukua kibao chake cha plastiki mezani, akatoka. Bonifas akamfuata, maana hakuwa na sababu ya kubaki. Wakaketi kwenye ngazi ya zahanati, hapo hapo mbele ya ofisi, mahali wagonjwa waliokuwa bado kwenye mstari walipoweza kuwaona. Nyuma yao Melkizedek alikuwa akipiga kelele, akitafuta mahali pa kuweka lile fundo. Hakuna mgonjwa aliyemgeukia.

Shamimu aliulaza mkono wa kulia pajani, kibao juu yake. Akakisukuma kidole cha kati, akakishikilia, akakiachia. Cha pete, vilevile. Hakujificha. Alifanya polepole, kama mtu anayechambua mchele mbele ya wageni.

"Basi la Mikumi linapita Kilosa mchana," alisema. "Twende wote. Loveth akuone."

"Wangu umeshakufa, dada."

"Wewe ni daktari? Lete hapa."

Bonifas alisita, kisha akaupeleka. Shamimu aliushika kwa mkono wake wa kushoto. Ulikuwa mkavu, wa baridi, mzito kuliko ulivyoonekana. Akaweka kidole gumba chake juu ya kidole cha kwanza cha Bonifas, akasukuma.

Hakikusogea.

Akasukuma tena.